Mfunike Angali Anasikia Baridi

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Andiko kuu: 2 Timotheo 4:9-21
Soma pia: Matendo 9:36-42; Luka 1:39-56; Yakobo 2:14-17

 

Mgeukie jirani yako umuulize, "Jana usiku ulilala na nini?" Usicheke, wewe muulize tu. Nasikia wengine wanasema blanketi mbili. Wengine wanasema sweta na soksi. Kuna ndugu hapa mbele amesema alilala na koti la harusi. Amina, Mungu anakuona.

Ni Julai, na sisi wa Kitale Julai tunaijua. Mvua inanyesha mchana, ukungu unakaa juu ya mahindi, na usiku hata mbwa anaomba kuingia jikoni. Ndugu zetu wa Bungoma mliokuja kutusalimia leo, naona mmevaa jaketi ndani ya kanisa. Karibuni sana. Kwenu ni karibu mita 1,400 juu ya bahari, hapa kwetu ni karibu mita 1,900. Hizo mita 500 mnazisikia kwa mifupa.

Basi leo nataka nihubiri juu ya blanketi. Najua wengine mmekuja mkitarajia moto. Moto utakuja. Lakini kwanza Mungu ana neno na sisi kuhusu baridi.

MTUME ALIYEOMBA NGUO

Fungua 2 Timotheo 4. Paulo yuko Roma, amefungwa. Ni mzee sasa. Anajua kesi yake haitaisha vizuri, na katika sura hii anaongea kama mtu aliyemaliza mbio zake. Dema amemwacha. Wengine wametawanyika kwa kazi mbalimbali. Aliyebaki naye ni Luka peke yake.

Huyu ndiye mtume aliyechukuliwa mpaka mbingu ya tatu. Leso zake ziliwekwa juu ya wagonjwa wakapona. Sasa anaandika barua kwa mwanawe katika imani, na kati ya mambo makubwa ya injili, kwenye mstari wa 13, anaomba aletewe joho lake. Analitaja na mahali alipoliacha, kule Troa, kwa mtu anayeitwa Karpo. Anaomba na vitabu vyake pia, lakini joho analitaja kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu anasikia baridi! Kwani mtume hana ngozi?

Sasa shuka mpaka mstari wa 21. Hapo anamsihi Timotheo ajitahidi afike kabla ya majira ya baridi. Siku hizo, baridi ikiingia, meli zilikaa bandarini mpaka bahari itulie. Mtu akichelewa wiki chache tu, safari inangoja mwaka mwingine. Na Paulo hakuwa na mwaka mwingine. Kwa hiyo joho lilikuwa na siku zake. Likifika kabla ya baridi, ni nguo ya Paulo. Likifika baada ya Paulo kwenda, ni kitambaa tu.

Mwambie jirani yako: "Zawadi ina siku zake."

MUNGU ANAJUA HABARI YA BLANKETI

Kuna watu wanafikiri mambo ya kulala na kuvaa hayamhusu Mungu. Wanafikiri Mungu anasikiliza tu tukikesha na kunena kwa lugha. Nenda nyumbani usome Kutoka 22, mstari wa 26 na 27. Ukichukua nguo ya maskini iwe dhamana ya deni, Mungu anasema umrudishie jua likitua. Na anatoa sababu: hiyo nguo ndiyo anayojifunikia, hana ingine, na huyo mtu akilia usiku Mungu anasikia. Mungu aliyeumba nyota anajua nani analala bila kitu cha kujifunika huko Endebess, huko Chwele, huko Kipsongo.

Na rudi nyuma zaidi, mpaka Mwanzo 3:21. Adamu na Hawa wamekosa. Wamejishonea majani, na majani hayafuniki. Kabla hawajatoka bustanini, Bwana Mungu mwenyewe anawatengenezea nguo za ngozi na kuwavika. Hakuwaambia, "Tokeni kwanza, nitawatumia baadaye." Walikwenda kwenye maisha magumu wakiwa wamefunikwa. Fundi wa kwanza kumvisha mwanadamu nguo nzuri ni Mungu. Haleluya!

Naye Yakobo anatuuliza swali gumu. Ndugu amekosa nguo na chakula, nawe unamtakia mema, unamwombea apate joto na shibe, halafu unaenda zako. Faida yake nini? Sisi hapa tumejua sana kutakiana joto. Tunatuma emoji za mikono ya maombi. Mikono ile haijawahi kumfunika mtu.

BLANKETI NILIYOCHELEWESHA

Sasa nataka niungame. Mke wangu anaijua habari hii. Kanisa hamuijui.

Nilikuwa na senge, dada ya baba yangu. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na senge akanichukua akanilea miaka minne, huko upande wa Cherangany. Tulikuwa watoto wanne kwenye mkeka mmoja. Usiku nikikohoa alikuwa anaamka, anavua leso aliyojifunga, ananifunika nayo. Yeye anarudi kulala na gauni peke yake. Mimi sikujua kwamba huko Cherangany usiku ni baridi. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima.

Krismasi moja nilimtembelea. Alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo kwenye kiti. Akanishika mkono akaniambia, "Mwana wa ndugu yangu, siku hizi baridi inaingia mpaka ndani." Nikamjibu, "Senge, nitakuletea blanketi."

Wapendwa, sikumdanganya. Nilimaanisha. Lakini nilitaka ile nzuri, ile nzito ya dukani inayouzwa ndani ya mfuko wenye zipu. Nilijiambia mimi ni Pasta, siwezi kumpelekea mzazi kitu cha aibu. Januari ikaja na karo. Machi tukaezeka kanisa. Mei mbegu na mbolea. Juni nikasema mwisho wa mwezi. Nyumbani kwangu kulikuwa na blanketi nne, na moja ilikuwa kwenye kabati ikingoja wageni. Sikuwahi kufikiria kuichukua hiyo. Mimi nilikuwa nangoja ile nzuri.

Julai, saa kumi na moja alfajiri, simu ikalia. Senge ameenda.

Sisemi blanketi ingemponya. Walisema ni kifua na uzee. Lakini najua alienda akisikia baridi, na najua nani alikuwa ameahidi.

Sasa sikia kilichofuata, na hapa ndipo nataka kila mtu ajichunguze. Kabla ya saa sita mchana gurupu ya WhatsApp ilikuwa imefunguliwa. Kamati ya mazishi ikaketi, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Watu ambao senge hakuwa amewaona miaka kumi wakatuma pesa kutoka Nairobi, kutoka Mombasa, hata kutoka Qatar. Ndani ya siku sita tulikuwa na sanduku, gari, hema mbili, viti, ng'ombe, vyombo vya muziki, na fulana zenye picha yake. Siku sita!

Nami nikaingia mjini nikanunua ile blanketi. Ile ile. Nililipa bila hata kuomba nipunguziwe. Tukamfunika nayo ndani ya sanduku. Wamama wakasema, "Kweli Pasta anampenda senge yake." Nikasimama pale na Biblia mkononi, nimefunika mtu ambaye hasikii baridi.

Sijasahau mpaka leo. Ndio maana leo nahubiri hivi.

DADA ALIYESHONA SIKU TANO

Lakini Mungu ni mwema. Mwaka jana alinionyesha njia ingine kupitia dada mmoja wa ushirika wetu wa Bungoma. Amenipa ruhusa nisimulie, na akaniomba nisimtaje jina.

Dada huyu anajifunza ushonaji kwa fundi. Jumatatu moja mjomba wake alimpigia simu kutoka upande wa Endebess. Kukhu wake, mama ya marehemu mama yake, blanketi yake imeungua na cheche ya moto. Sasa analala ameketi karibu na jiko, amejifunga leso mbili.

Dada hakuwa na pesa ya blanketi. Kwenye simu alikuwa na shilingi mia mbili. Angeweza kusema, "Mwisho wa mwezi." Angeweza kutuma emoji. Badala yake alimwendea fundi akamuuliza, "Yale mabaki kwenye gunia, unafanyia nini?" Fundi akamwambia ni ya kujaza mito na kuwashia jiko. Akayaomba. Akaomba pia atumie cherehani jioni, kazi ikiisha.

Nataka niwaambie alivyofanya, kwa sababu kuna mtu hapa atafanya wiki hii.

Jumatatu usiku alichagua vipande vizito. Vitenge, vitambaa vya sare za shule, mabaki ya suruali. Akaviloweka. Vilivyotoa rangi kwenye maji akavitenga.

Jumanne alikata katoni ya sabuni ikawa kipimo, inchi 9 kwa 9. Akakata vipande 63. Usihangaike, hesabu ni rahisi: vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu. Kila upande wa kipande unakula nusu inchi ya mshono, kwa hiyo kipande kinabaki inchi 8. Ukiunga vyote unapata inchi 56 kwa 72. Kitanda cha futi 3 kwa 6 kinafunikwa urefu wote, na kila upande inashuka inchi 10.

Jumatano aliunga vipande saba saba mpaka akapata mistari tisa. Alhamisi akaunga mistari. Kisha akatafuta cha kuweka ndani na cha kuweka nyuma. Nyuma akaweka shuka yake kuukuu. Ndani akaweka blanketi yake mwenyewe, ile nyembamba yenye matundu. Alikuwa na mbili, akabaki na moja. Alizipanga hivi: blanketi ya matundu chini, juu yake shuka, juu ya shuka ule upande wa vipande ukiwa umeangalia chini. Akashona kando zote, akaacha nafasi ya mkono kupita. Akaigeuza kama mtu anayegeuza foronya, matundu yakaingia ndani, uzuri ukatoka nje. Ile nafasi akaiziba kwa sindano ya mkono.

Ijumaa ilikuwa ya mafundo. Kushona blanketi yote mistari mistari ingechukua wiki nyingi. Yeye alichukua uzi wa sweta na sindano kubwa, na kila mahali kona nne zilipokutana akachoma kwenda chini, akarudi juu, akafunga fundo. Hiyo inazuia ya ndani isikunjamane ikifuliwa. Mafundo 48. Nilimuuliza kama aliomba kwa kila fundo. Aliniambia ukweli: "Pasta, yale kumi ya kwanza niliomba. Yale mengine nilikuwa napigana na usingizi." Nikamwambia, dada, nafikiri Mungu amehesabu yote 48.

Je, ilikuwa nzuri? Mishono mingine ilipinda. Kona nyingine zilikosana. Fundi aliiangalia akasema angekuwa na wiki moja zaidi ingetoka sawa. Lakini kukhu hakuwa na wiki moja zaidi ya kukaa macho karibu na moto.

Jumamosi dada alikopa nauli. Bungoma mpaka Webuye, Webuye akapanda ya Kitale, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, mpaka hapa stendi yetu. Kisha Endebess, kisha bodaboda, amekumbatia gunia kama mtoto.

Kukhu akaitandaza kwa mikono. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo anaona kwa vidole. Akapapasa kipande kwa kipande. Sasa, ukiwa na 7 kwa 9 kuna kipande kimoja cha katikati kabisa. Pale katikati dada alikuwa ameweka kipande cha gauni la marehemu mama yake, alilokuwa amelihifadhi. Vidole vya kukhu vilifika hapo vikasimama. Akasema, "Huyu ni mtoto wangu." Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Halafu kukhu akafanya kitu ambacho wazee wetu wote wanafanya. Akaikunja vizuri, akasema, "Fungua lile sanduku la bati. Weka humo. Nitazikwa nayo."

Mnawajua wazazi wetu. Kikombe kizuri ni cha wageni, gauni zuri ni la siku ya kuzikwa. Sisi tumewafundisha hivyo! Wameona kwamba vitu vizuri vinakuja nyumbani wakati kuna hema uwanjani.

Dada akaichukua kwenye mikono yake akasema, "Hapana, kukhu. Hii si ya kaburi. Hii ni ya leo usiku." Akatandika kitanda, akamlaza, akamfunika mpaka shingoni. Asubuhi ya Jumapili kukhu ndiye aliyeamshwa na watoto, jua limeshatoka. Yuko hai. Juzi niliuliza habari zake, nikaambiwa blanketi imefuliwa mara nyingi mpaka rangi zinapauka. Mungu apewe sifa!

HARAKA YA UPENDO

Mtu ataniambia, "Pasta, wahenga walisema haraka haraka haina baraka." Ni kweli. Lakini wahenga hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kuna haraka ya pupa, inayotaka kumaliza kazi ili ipumzike. Na kuna haraka ya upendo, inayotaka kumfikia mtu.

Luka 1:39. Mariamu amepata habari kwamba Elisabeti, jamaa yake, ana mimba ya miezi sita katika uzee wake. Biblia inasema alikwenda kwa haraka, akapanda nchi ya milima. Angalia hayo mambo matatu: jamaa, milima, haraka. Mariamu naye alikuwa na mambo yake! Malaika ametoka tu kumwambia neno lililobadilisha maisha yake. Hakusema, "Kwanza nijipange." Alikwenda, akakaa huko kama miezi mitatu. Na alipofika tu na kusalimia, mtoto akaruka tumboni, na Elisabeti akajazwa Roho Mtakatifu. Mnaona? Mnataka moto wa Roho? Moto ulishuka kwenye nyumba ambayo mtu alikuja kumwona jamaa yake mzee.

Mungu wetu mwenyewe hakungoja. Warumi 5:8 inatuambia Kristo alikufa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi. Shika hilo neno tungali. Hakungoja tutengeneze maisha. Damu yake ilitufunika tukiwa bado tunatetemeka. Wewe unayesema utaokoka ukishajipanga, unafanya kama mimi nilivyomfanyia senge. Usingoje.

NI VIBAYA KUZIKA VIZURI?

Hapana. Asitoke mtu hapa akasema Pasta amekataza matanga. Yusufu wa Arimathaya alitoa kaburi lake, na Nikodemo akaleta manukato mengi sana, mzigo mzito (Yohana 19:38-42). Biblia inawaheshimu. Lakini Yesu hakuyanusa hayo. Aliyonusa ni ya Mariamu wa Bethania, aliyempaka miguu siku sita kabla ya Pasaka, akiwa ameketi mezani, anapumua, na nyumba yote ikajaa harufu nzuri (Yohana 12:1-8). Yuda aliona ni hasara. Yesu akasema mwacheni.

Sasa nenda Yafa, Matendo 9. Dorkasi amekufa. Wamemwosha, wamemlaza chumba cha juu. Petro anaingia, na wajane wanamzunguka wakilia. Wanamwonyesha nini? Nguo. Nguo ambazo Dorkasi aliwashonea siku alipokuwa nao. Sikia vizuri: aliwashonea akiwa hai, nao wakiwa hai. Hakuna aliyesoma orodha ya waliochanga. Ushuhuda wake ulikuwa umevaliwa. Na maombi ya Petro yakamwinua.

Siku yako ikifika, nani atasimama na kusema, "Hii alinishonea"? Na siku ya mzazi wako ikifika, utasimama na kumbukumbu, au utasimama na risiti kama mimi?

TUFANYE NINI WIKI HII

Kwanza, leo kabla ya kulala, piga simu kwa jamaa mmoja. Mama, kukhu, senge, mjomba, au yule dada aliyejifungua juzi. Usimuulize "uko sawa?" kwa sababu atajibu "niko sawa." Muulize, "Unalala na nini?"

Pili, fungua kabati. Kama kuna blanketi inayongoja wageni, mgeni ameshapatikana.

Tatu, mafundi wa kanisa hili, msichome mabaki. Yaleteni Jumatano. Wamama watakuwa na cherehani zao hapa kanisani kuanzia saa nane. Vijana mje pia, kukata katoni na kufunga mafundo si kazi ya wanawake peke yao. Bezaleli alikuwa mwanaume, na Mungu alimjaza Roho wake kwa kazi ya mikono (Kutoka 35:30-35). Kwa vipande vidogo, haba na haba, tutajaza kitanda.

Nne, ukipeleka, usiiache kwenye mfuko. Tandika kitanda mwenyewe. Mfunike.

Nataka nimalizie kwa Paulo. Nimesoma barua ile mara nyingi nikitafuta kama joho lilifika. Biblia haituambii. Inatuacha na mzee ndani ya gereza, na barua iko njiani, na baridi inakuja, na kijana anayeitwa Timotheo anayepaswa kuamka na kwenda. Nafikiri Mungu ameiacha wazi ili kila mmoja wetu aimalize. Simama, Timotheo. Baridi imeshafika.

MAOMBI

Baba, katika jina la Yesu, tusamehe ahadi tulizozichelewesha. Tupe majina ya wale wanaotetemeka usiku huu, na utupe mikono ya haraka. Bariki sindano, bariki cherehani, bariki vipande vilivyokuwa vitupwe. Wafunike wazazi wetu, na utufundishe kuwafunika. Na yeyote ambaye hajafunikwa na damu ya Yesu, leo ajiweke chini yake. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma 2 Timotheo 4:9-21. Paulo anataja mahitaji gani ya mwili, na gani ya moyo?
2. Ni ahadi gani umempa jamaa yako na bado unangoja "mwisho wa mwezi"? Ni nini hasa kinachokuzuia, ni pesa au ni aibu ya zawadi ndogo?
3. Ushirika wetu ulichanga mara ngapi kwa mazishi mwaka huu? Na mara ngapi kwa mzee aliye hai? Hesabuni pamoja, bila kulaumiana.
4. Nani katika kijiji chetu analala bila kitu cha kujifunika? Chagueni mmoja, mpange siku, na mwende.

Andiko la kukariri: Yakobo 2:17